MBOLEA FEKI: HASARA ISIBAKI KWA MKULIMA

Ndugu mkulima wa Longisa, usikubali kuambiwa mambo ya mbolea feki yalishaisha.

Mwaka 2024 mbolea mbovu iliuzwa ndani ya maghala ya NCPB, kwenye mpango wa ruzuku wa serikali yenyewe. Siyo kwa mchuuzi wa kichochoroni! Shirika la viwango, KEBS, likaja kupima wakati wakulima wameshanunua, wengine wameshapanda. Mwezi wa Mei kamati ya Bunge ya watu 11 ikasema tuhuma dhidi ya Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi, hazikuthibitishwa. Fidia iliahidiwa, sawa. Lakini mahindi hayangoji kamati. Mvua ikishapita, gunia lingine la mbolea litakusaidia nini?

Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya bidhaa bora, maelezo ya kweli na fidia ukipata hasara. Hiyo si hisani ya mtu.

Tudai hivi: mbolea ipimwe kabla haijauzwa, na majibu yabandikwe mlangoni mwa ghala, kila mtu asome. Wewe nawe weka risiti, gunia na mbolea kidogo. Bila ushahidi, watasema tena haikuthibitishwa.