Moshi wa magari makuukuu upimwe, usikisiwe

Kila asubuhi, katika vituo vya mabasi na njia panda za miji yetu, raia huvuta hewa wasiyoichagua. Muuza vitumbua aliye kando ya barabara, askari wa trafiki na mtoto aendaye shule hawana pa kuukimbilia moshi huo. Nao hutoka katika magari ambayo mengi yao yalipotoka kiwandani yalikuwa na kifaa cha kuusafisha. Leo twauliza: kifaa hicho kiko wapi, na ni nani apimaye kazi yake?

Kifaa chenyewe ndicho mafundi wetu wakiitacho masega, kwa kuwa ndani yake kimejaa vitundu mfano wa sega la nyuki. Kuta za vitundu hivyo zimepakwa madini ya platini, paladi na rodi. Moshi upitapo humo, kaboni monoksidi, ambayo ni sumu iuayo bila harufu, hugeuzwa kuwa kaboni dioksidi; mabaki ya petroli huunguzwa; na oksidi za nitrojeni, ziwashazo macho na mapafu, hurudishwa kuwa nitrojeni ya kawaida. Huko Marekani magari mengi mapya yalianza kufungwa kifaa hiki mwaka 1975, kufuatia sheria ya hewa safi ya mwaka 1970.

Kwa muda mrefu sisi tulikuwa na udhuru. Petroli yetu ilitiwa madini ya risasi, na risasi huyaua masega upesi sana. Lakini nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha petroli hiyo mwishoni mwa mwaka 2005, na Algeria, iliyokuwa ya mwisho duniani, iliiacha mwaka 2021. Udhuru ule basi umekwisha. Kilichobaki ni uzembe, na pengine tamaa.

Twasema tamaa kwa sababu madini hayo yana thamani kubwa. Mwaka 2021 aunsi moja ya rodi ilipita dola 20,000. Hivyo masega hung'olewa, mara nyingine na wezi usiku, mara nyingine na fundi mchana kweupe, huku mwenye gari akiambiwa kwamba sasa gari litakuwa jepesi na litakula mafuta kidogo. Ni kweli kwamba masega yaliyoziba huikaba injini. Lakini aghalabu hayazibi yenyewe. Huzibwa na injini inayokula oili, au huyeyushwa na petroli isiyoungua ambayo hupenya na kuwakia humo kwa sababu plagi ni mbovu. Kuyang'oa na kuiacha injini katika ugonjwa wake ni sawa na mgonjwa kuvunja kipimajoto ili aseme homa imekwisha.

Hapa ndipo ilipo faida ya kipimo. Injini kuukuu huwashwa hadi ipate moto sawasawa, maana masega baridi hayafanyi kazi; huhitaji joto la kiasi cha nyuzi 300 za Selsiasi. Kisha mrija wa mashine huingizwa katika bomba la ekzosi, na hewa zitokazo husomwa, kwanza injini ikinguruma polepole, halafu ikizungushwa kwa kasi. Kaboni monoksidi ikizidi, fundi hana haki ya kuyalaumu masega mara moja. Huenda petroli inaingia kwa wingi kuliko hewa, na pasipo oksijeni ya kutosha masega hayawezi kuunguza kitu, hata yawe mapya. Ndiyo maana kufunga masega mapya katika injini mgonjwa ni kutupa fedha. Injini itengenezwe kwanza, ndipo masega yahukumiwe.

Wako watakaosema kwamba kipimo ni silaha ya kumwonea mnyonge, ambaye gari lake kuukuu ndilo jembe lake. Hoja hiyo twaiheshimu. Lakini kipimo cha haki hakimdai mzee mbio za kijana. Uingereza gari lenye masega haliruhusiwi kuzidisha asilimia 0.2 ya kaboni monoksidi injini ikizungushwa kwa kasi. Lakini lile la baada ya Julai 1986, la enzi ya kabla ya masega, huruhusiwa asilimia 3.5 likinguruma polepole, na lililoanza kutumika kabla ya Agosti 1975 hukaguliwa moshi wake kwa macho tu. Kila gari lahukumiwa kwa kile lilichoundwa kuweza.

Serikali zetu zimependelea kuhesabu miaka. Kenya huzuia magari yaliyopita miaka 8 yasiingizwe, na Uganda ilipitisha mwaka 2018 sheria ya kuzuia yaliyofikisha miaka 15. Hatuzilaumu hatua hizo. Hata hivyo, umri si kipimo cha moshi. Gari la miaka 7 lililong'olewa masega laweza kuchafua hewa kuliko la miaka 20 lililotunzwa, na tarehe ya kuundwa haisemi lolote juu ya yale yatokeayo gereji baada ya gari kutoka bandarini.

Kwa hiyo tunazitaka mamlaka zihakikishe kwamba hakuna cheti cha ukaguzi kitolewacho pasipo moshi kupimwa kwa mashine. Kwamba mwenye gari aliyeshindwa apewe muda wa kutengeneza kabla ya kutozwa faini. Na kwamba wanunuzi wa masega makuukuu walazimishwe kuonyesha waliyapata kwa nani. Nao wenye magari tunawakumbusha kwamba asiyeziba ufa hujenga ukuta: plagi na kichujio cha hewa havigharimu sana, lakini pafu la mtoto haliuzwi katika duka lolote la vipuri.