Maradhi ya Nafsi Si Ukorofi

Mwaka 1938 Dakta Adolf Stern wa Marekani aliwaita baadhi ya wagonjwa wake "watu wa mpakani", kwa kuwa hawakuwa wenye wazimu wala wenye maradhi mepesi ya akili. Jina hilo limedumu, ingawa halielezi mateso yenyewe. Mgonjwa huogopa mno kuachwa. Rafiki anayemsifu leo humchukia kesho. Hasira humpanda ghafla, na pengine hujiumiza. Shuleni huitwa mkorofi, akaadhibiwa. Hilo ni kosa, kwani maradhi haya yana tiba. Marsha Linehan, aliyebuni tiba ya kumfunza mgonjwa kutawala hisia zake, alieleza hadharani mwaka 2011 kwamba yeye mwenyewe aliteseka hivyo tangu ujana. Kutambua maradhi ni kazi ya daktari. Mwalimu na amsikilize mwanafunzi, kisha ampeleke hospitali.