Tope la kifaru halipakwi ovyo

Jamani, kimya kingi kina mshindo! Mnaouliza kama bado naunda vifaru vya plastiki hapa Uingereza: ndiyo, na leo nina neno kuhusu tope.

Wengi wetu tunalipaka kila mahali, rangi moja, kama tunakandika nyumba. Mimi nasema hapana. Kifaru kikipunguzwa mara 35, chembe ya mchanga ya milimita 1 inakuwa jiwe la sentimita 3.5! Kwa hiyo nachekecha udongo kwa soksi ya nailoni, nachanganya na gundi nyeupe na rangi. Kwenye minyororo tope bichi, jeusi. Juu lililokauka, jeupejeupe, kidogo tu.

Tope ni ushahidi. Magurudumu ya Tiger za Wajerumani kule Urusi yalipandana. Tope likijaa humo na kuganda usiku, asubuhi kifaru hakisogei. Nikikiacha kisafi, nimedanganya. Nikikirundikia kuficha gundi iliyovuja (nimewahi!), nimedanganya pia.

Baba mdogo, wewe uliyesukuma malori kwenye tope la vita vya Kagera mwaka 1979, nikija likizo nakuletea hiki ukikague. Ukisema nimekosea, nakisugua naanza upya.

Wasalaam.