Kansa ya kwenye sahani siyo kansa ya mkeo

Leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Wiki iliyopita nimekutana tena na kichwa cha habari kile kile: "Virusi vyaua kansa". Nasema kile kile kwa sababu hata mimi niliwahi kukiandika, tena nikajisifu. Kesho yake baba mmoja akanipigia simu kuuliza virusi hivyo vinapatikana hospitali gani, mkewe ana uvimbe. Nilibabaika. Sikuwa nimeuliza swali moja dogo: hizo seli zilikuzwaje?

Maana kuna sahani bapa ya plastiki. Seli zinalala tabaka moja kama dagaa walioanikwa, kila moja imeloa chakula. Ukimwaga virusi, hakuna inayokosa kuguswa. Zinakufa, picha inapendeza, mwandishi anakimbilia kompyuta.

Halafu kuna kuzikuza kwa pande tatu, zishikane ziwe kijidonge kama uvimbe halisi. Hapo hadithi hubadilika. Za nje zinagawanyika, za katikati zinakosa oksijeni na kusinzia, wakati virusi vingi vya kazi hii huzaliana vizuri ndani ya seli inayogawanyika. Kirusi cha adeno, chenye upana wa nanomita 90 hivi, kinatakiwa kijipenyeze kati ya seli zilizobanana. Hata mlango ambao aina nyingi za adeno huutumia, kipokezi kiitwacho CAR, hujificha kwenye maungio seli zikishikana. Seli zile zile, kirusi kile kile, na mara nyingi matokeo mengine kabisa!

Sisemi ni uongo jamani. Mwaka 1971 jarida la Lancet liliandika kuhusu mtoto huko Uganda ambaye uvimbe wake wa Burkitt ulinywea alipougua surua. Na T-VEC, kirusi cha hepesi kilichorekebishwa, kiliidhinishwa Marekani mwaka 2015 kwa kansa ya melanoma. Lakini hicho hudungwa ndani ya uvimbe wenyewe, na katika jaribio lake kubwa ni asilimia 16.3 tu ya waliokipata ndio walionyesha nafuu iliyodumu miezi sita au zaidi. Waliopewa dawa ya kulinganishia ni 2.1. Ni habari njema, ila siyo ile tuliyoiandika.

Waandishi wenzangu, ni sentensi moja tu: sahani bapa, kijidonge, panya, au mtu? Iwekeni aya ya kwanza.

Aliyeandika ile ya wiki iliyopita namfahamu. Nimemtumia ujumbe, hajajibu.