Barua za Krismasi na Ushuhuda wa Uongo

Wapendwa, ipo amri ya Mungu ambayo wengi wetu tunaivunja kila Desemba huku tukiimba nyimbo za kuzaliwa kwa Bwana. Ni ile inayokataza ushuhuda wa uongo. Tunaivunja kwa barua. Nasema juu ya ile barua ya familia ya mwisho wa mwaka, inayotumwa kwa ndugu wote na marafiki wote kwa mara moja, kueleza jinsi Mungu alivyotutendea. Sitamnyooshea mtu kidole kabla ya kujinyooshea mimi mwenyewe.

Nilikaa Minnesota, Marekani, miaka tisa. Kwa Walutheri wa Iringa jina hilo si geni, kwa maana dayosisi yao imekuwa na urafiki wa bega kwa bega na sinodi ya Saint Paul tangu mwaka 1987. Kule nilikuta desturi ya barua za Krismasi. Familia huandika ukurasa mmoja au miwili juu ya mwaka unaokwisha, hutoa nakala nyingi, huambatanisha picha na kutuma kwa kila mtu wanayemfahamu. Asili yake ni njema. Watu waliotawanyika mbali wanataka kujuana hali, na kwa wengine hiyo ndiyo barua pekee wanayoipata mwaka mzima.

Lakini hata wenyewe wamechoshwa na namna zinavyoandikwa. Uingereza, mwandishi wa gazeti Simon Hoggart alitoa mwaka 2004 kitabu kizima cha barua za namna hiyo, alizotumiwa na wasomaji wake waliochoka kuzipokea. Katika barua hizi watoto wote wanafaulu, safari zote ni nzuri, na hata paka wa nyumbani ana akili kuliko paka wengine.

Mwaka wangu wa tatu kule nami nikaandika. Nilianza kwa kumtukuza Mungu. Nikaeleza kwamba binti yetu amepata nafasi chuoni, na kwamba mume wangu anaendelea vizuri kazini. Nikaweka picha yetu mbele ya nyumba. Nikaituma Marekani kwa Kiingereza na nyumbani kwa Kiswahili.

Hakuna sentensi moja katika barua ile iliyokuwa ya uongo. Binti alikuwa amepata nafasi kweli. Mume wangu alikuwa kazini kweli, ila saa zake zilikuwa zimepunguzwa hadi nusu. Nyumba ilikuwa ya kupanga, na tulikuwa nyuma miezi miwili ya kodi. Mwezi ule wa Novemba tulikuwa tumekwenda mara nne kuchukua chakula kinachogawiwa kanisani kwa wenye shida. Hayo sikuyagusa. Nilipanga mambo ya kweli kwa namna ambayo msomaji ataamini jambo lisilokuwepo.

Kaka yangu, aliyebaki na shamba la baba, aliipokea barua hiyo akiwa na deni la pembejeo lililokuwa likimnyima usingizi. Mwezi wa pili akauza ekari mbili za shamba. Mimi nilipata habari mwezi wa sita, tena kwa mtu mwingine. Nikampigia simu kwa hasira nikamuuliza, "Kaka, mbona hukuniambia?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Dada, barua yako niliisoma mara mbili. Sikuona mahali pa kuingiza neno langu."

Sijui kama tungeziokoa zile ekari mbili. Fedha hatukuwa nazo. Lakini tungeshauriana, tungewaita wajomba, tungeomba pamoja. Deni ndilo lililouza shamba, na barua yangu ndiyo iliyomwacha kaka yangu auze peke yake.

Nilirudi nyumbani nikadhani nimeiacha desturi ile ng'ambo. Kumbe ilinitangulia. Siku hizi haihitaji hata bahasha. Ifikapo tarehe 24 Desemba, kundi la ukoo kwenye WhatsApp linajaa: nyumba iliyofika kwenye renta, mtoto aliyevaa joho, gari lililofungwa riboni, na chini yake maneno, "Mungu ni mwema." Mungu ni mwema kweli. Lakini yule mwanaukoo ambaye nyumba yake haikufika kwenye renta anasoma kana kwamba wema huo umepita mlango wake.

Najua nitakavyojibiwa. Wa kwanza atasema, "Huu ni ushuhuda, tunampa Mungu utukufu." Ndugu yangu, ushuhuda unaujua. Mtu anaposimama kanisani kushuhudia, huanza na shimo alilokuwa ndani yake, kisha husema nani alimtoa. Barua isiyo na shimo haina mtu aliyetolewa, na jina la Mungu limewekwa pale kama chumvi juu ya majivuno.

Wa pili atasema, "Siri za nyumba hazianikwi." Hapo ana haki yake. Ugonjwa wa mume ni wa mume, na kosa la mtoto ni la mtoto; hatuna ruhusa ya kuyatangaza bila wao kukubali. Kutosema yote si dhambi. Lakini kuna tofauti kati ya kufunga mlango na kuchora ukutani mlango usiokuwepo. Unaweza kuandika, "Mwaka huu tumepita pagumu, tuombeeni," usiseme zaidi, na ukawa umesema kweli.

Wa tatu atasema, "Krismasi ni furaha, tusiwahuzunishe watu." Hebu tufungue Injili ya Mathayo. Habari ya kuzaliwa kwa Yesu inaanza na taarifa ya familia, ule ukoo wa sura ya kwanza ambao wengi tunauruka tukisoma. Ungekuwa umeandikwa na mmoja wetu, ungewataja Ibrahimu, Daudi na Sulemani, basi. Mathayo anamtaja Tamari, ambaye habari zake na mkwewe hatupendi kuwasomea watoto. Anamtaja Rahabu wa Yeriko. Anamtaja Ruthu, mjane mgeni kutoka Moabu. Anamtaja mke wa Uria kwa jina la mume aliyeuawa, ili tusisahau Daudi alichofanya. Hata Manase, mfalme mwovu, yumo. Roho Mtakatifu hakuona kwamba majina hayo yanaharibu Krismasi. Aliyezaliwa alikuja kwa ajili ya familia kama hiyo.

Au tumtazame Paulo, mwandishi mkubwa wa barua. Alipolazimishwa kujisifu mbele ya Wakorintho aliorodhesha vifungo, mapigo, kuvunjikiwa na jahazi mara tatu, na usiku aliposhushwa ukutani Dameski ndani ya kapu. Aliwaandikia Wafilipi kwamba Epafrodito alikuwa karibu kufa. Alimwomba Timotheo amletee joho aliloliacha Troa. Mtume mzima anaandika kwamba anahitaji nguo! Kila aliyeisoma barua hiyo alijua la kufanya na la kuombea.

Sasa neno gumu zaidi ni kwetu sisi wapokeaji. Waandishi wa uongo tumewafundisha sisi. Mtu akileta picha ya gari, pongezi arobaini. Mtu akiandika kwamba amepoteza kazi, kundi zima linanyamaza. Mmoja anaweka alama ya mikono ya maombi na kuondoka. Kisha simu zinaanza pembeni: "Umeona? Nilisema mimi." Aliyeandika kweli anaona malipo ya kweli, na mwaka unaofuata anatuletea picha ya nyumba kama wengine. Tena wapo wanaosoma barua ya heri kwa kupiga hesabu: huyu ana kiasi gani, na mimi nimwombe kiasi gani. Anayesoma hivyo asishangae akifichwa.

Kwa hiyo Krismasi hii, ndugu zangu, tuandike, maana kunyamaza si dawa. Tuandike jambo moja la kushukuru, na jambo moja zito ambalo tuna haki ya kulisema. Kisha tumuulize tunayemwandikia hali yake kwa jina lake, kwa swali linalotaka jibu. Ni afadhali barua kumi zenye swali kuliko mia moja zenye picha. Na tukipokea, tujibu kabla ya Mwaka Mpya kwisha harufu yake, tukianza na yule aliyeandika kwa shida.

Mwaka jana nilimwandikia kaka yangu hivyo. Alijibu siku ile ile. Jibu lake lilikuwa refu kuliko barua yangu, na mengi yaliyokuwamo yalikuwa mazito. Tangu hapo nimejua jinsi ya kumwombea.