Wali wa Ifakara na magoti ya wazazi

Juma lililopita tulisali Isha katika msikiti mmoja wa hapa Ifakara, tukaona viti vya plastiki vimepangwa ukutani. Zamani kiti kimoja kilitosha, nacho kilikuwa cha mzee aliyechoka kwa umri. Sasa wanaovivuta ni akina baba wenye watoto wa shule ya msingi, ambao magoti yao hayaubebi tena mwili wakati wa kusujudu. Tuseme kweli: nasi tulikuwa njiani kuelekea kwenye viti hivyo.

Mji wetu unajulikana ulimwenguni kwa utafiti wa malaria, na kila mama hapa aweza kukueleza habari za chandarua. Uzito wa mwili hatuuzungumzi, ila kwa kusifu: "Umenawiri, mashaallah!"

Bonde hili ni la mpunga. Wazee wetu walipakuliwa mlima wa wali kwa sababu waliufanyia kazi. Walikwenda mashambani kwa miguu au kwa baiskeli, wakalima kwa jembe la mkono, wakashinda juani wakiamia ndege. Leo wengi wetu hulimiwa na trekta, bodaboda hutufikisha mlangoni, na baiskeli, iliyokuwa alama ya Ifakara, imeegemezwa uani ikiota kutu. Mlima wa wali umebaki palepale. Mke akithubutu kuupunguza, mawifi watasema hamheshimu mumewe.

Kwa akina mama, tatizo kubwa zaidi ni makombo. Mtoto huyu ameacha matonge matatu, yule mawili. Mama, kwa kuogopa israfu, huyamaliza yote akiwa amesimama jikoni, ilhali amekwisha kula na kushiba. Nia yake ni njema. Lakini katika Suratul A'raf, aya ya 31, ruhusa ya kula na kunywa na katazo la kupita kiasi vimekuja pamoja, na tumbo lililoshiba si ghala la makombo. Israfu yenyewe ilikwisha kufanyika mapema, pale mchele ulipopimwa kwa jicho.

Kwa hiyo sisi tulianzia kwenye kopo la kupimia. Tulikuwa tukipika makopo matano kwa watu saba. Tukashuka hadi manne, na pengo tukaliziba kwa matembele, mchicha au majani ya maboga, yasiyoogelea katika mafuta. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina takriban kalori 120, nasi tulikuwa tukimimina moja kwa moja kutoka kwenye chupa! Sinia hatukuliacha, kwa kuwa kula pamoja kuna baraka. Ila kila mtu huwekewa fungu lake upande wake, na watoto huanza na kidogo kisha huongezewa kadiri watakavyo. Kinachobaki sasa ni haki ya kuku.

Chai nayo ina hesabu yake. Vijiko vitatu vidogo vya sukari katika kila kikombe, vikombe vinne kwa siku, ni karibu gramu 48. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari anayoongezewa mtu mzima isipite gramu 50 hivi kwa siku, na ikishuka chini ya 25 ni bora zaidi. Twaishi jirani na kiwanda cha sukari cha Kilombero, lakini si lazima tuimalize wenyewe.

Hapa tutoe tahadhari. Mtoto mdogo asipunguziwe chakula kwa sababu baba yake amenenepa. Uji wake uendelee kuwa mzito, na yai lake asinyimwe. Mama anayenyonyesha asijinyime chakula. Anayetumia dawa za kisukari amwone daktari kwanza, kwani kula kidogo huku dozi ikibaki ileile kwaweza kumwangusha.

Lililotushinda kwa muda mrefu ni sahani yetu wenyewe. Mama watoto alikataa katakata kuipunguza. Tukadhani ni ukaidi, kumbe alikuwa akimwogopa mama yetu mzazi, aliyekuja kututembelea kutoka Mang'ula na aliyekuwa akiitazama sahani ya mwanawe kila jioni. Ikabidi tumwambie mama mbele ya wote kwamba ni sisi tulioomba, na kwamba magoti yanauma. Hakusema neno. Siku ya pili akaomba naye apakuliwe kidogo, maana yake yalikuwa yakiuma tangu mwaka juzi na hakuwahi kumwambia mtu.

Tangu Idi tumepungua kilo nne, na Alfajiri twaenda msikitini kwa baiskeli. Mama amekwisha kurejea Mang'ula, akaondoka na lile kopo letu la kupimia. Anasema la kwake lilikuwa kubwa mno.