Pori Si Tupu

Ramani ya kwanza niliyoichora kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili ilipendeza mno. Migomba niliipa kijani, mabonde bluu, na kati ya Ngara na Biharamulo nikamwaga manjano. Kwenye ufunguo wa ramani nikaandika: "Ardhi wazi, isiyotumika." Nikaichapa, nikaenda nayo kwa bibi nikijiona fundi.

Bibi aliigeuza mara mbili. Kidole chake kilifuata bonde mpaka kikatua kwenye manjano.

"Hapa si ndipo tunaposenya kuni?"

"Ndiyo, bibi."

"Na kisima?"

"Hakionekani kwenye picha ya setilaiti."

"Sasa nani kasema hapatumiki, mjukuu wangu?"

Nilisema mimi, na sikuwa nimekanyaga pale tangu utotoni.

Sisi wachora ramani tunalichezea neno "wazi". Mlango ukiwa wazi, haina maana nyumba haina mwenyewe. Pori lile li wazi kwa maana kwamba jirani hupita bila kubisha hodi: mwenye mbuzi, mrina asali, watoto wanaofuata uyoga mvua zikianza. Tunachukua uwazi huo wa ujirani na kuuandika kama utupu.

Kosa hili lina mizizi kwenye sheria. Mwaka 1999 zilitungwa sheria mbili za ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5, inahesabu kuwa ardhi ya kijiji hata ile iliyopumzishwa, malisho, na njia za kupitishia mifugo kwenda malishoni, ilimradi wanakijiji waliitumia kwa miaka 12 kabla ya sheria. Sheria ya Ardhi, Na. 4, inapofafanua ardhi ya jumla, inajumuisha humo ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Na ardhi ya jumla haisimamiwi na kijiji. Iko chini ya Kamishna wa Ardhi. Kwa hiyo neno langu moja kwenye ufunguo linaweza kusaidia kulitoa pori mikononi mwa kijiji bila mtu kusogeza jiwe la mpaka.

England na Wales zilipopata sheria yao ya mwaka 2000, ya kuruhusu watu kutembea kwa miguu katika milima na nyika, kazi ilianza kwa kufafanua ardhi ipi inahusika. Kisha zikatolewa rasimu za ramani ili watu watoe maoni, na baadaye wenye ardhi wakaweza kukata rufaa. Kule mtu alikuwa anatafuta matembezi, na bado rasimu iliwekwa hadharani. Bibi anatafuta kuni za kuivishia maharage, na hakuna aliyemuuliza.

Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato. Siipingi hifadhi. Ila mipaka yake imechorwa na inalindwa, na hakuna anayeiita tupu ingawa hakuna anayelima ndani yake. Mbona pori la kijiji lililo nje ya mipaka hiyo, linalobeba kuni, malisho na maji ya watu, ndilo tunaloliita halitumiki?

Nitaambiwa kwamba pori likiwa la kila mtu litakwisha. Hoja hiyo ina uzito. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walivuka Rusumo kwa mamia ya maelfu, na miti ya kuzunguka kambi za Ngara, Benaco ikiwemo, iliishia mafigani. Lakini hilo ni sababu ya kuziandika haki vizuri. Haki ya kupita si haki ya kulisha ng'ombe. Anayeruhusiwa kuokota kuni kavu hajaruhusiwa kukata mti mbichi wala kuchoma mkaa. Haki iliyoandikwa ina kikomo. Ardhi inayoitwa tupu haina, na kila mwenye nguvu huiona yake.

Basi mpimaji asianzie kwenye kompyuta. Afuate nyuma ya wanaokwenda kisimani alfajiri, kisha arudi kiangazi mifugo inapohama. Achore njia kwanza, eneo baadaye. Rasimu isomwe kwa sauti kwenye mkutano wa kijiji, ibishaniwe, ndipo ardhi ya jumuiya iingie kwenye daftari ambalo sheria inaitaka halmashauri ya kijiji ilitunze.

Nilimfuata bibi siku nne, simu ikirekodi njia. Ramani ya pili imejaa mistari. Msimamizi wangu anasema inaumiza macho. Lakini ile ya kwanza nilikuwa nimeshaituma kwa ofisi moja iliyoomba nakala. Nimewaandikia mara mbili waifute. Sijajibiwa, na manjano yangu bado yamo kwenye faili lao.